Uso wa Paluku Baada ya Sindano

Nilipokabidhi funguo za chumba cha pansema, yaani chumba chetu cha kufungia vidonda, Rachel na Dieumerci waliobaki na kazi waliniomba niwaandikie namna ya kutunza ngozi ya mgonjwa aliyechomwa sindano za makovu. Walitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Nimejaribu. Ukurasa ulijaa kabla sijafika kwenye sindano zenyewe, kwa hiyo mtanisamehe, wadogo zangu. Habari ya vyeo nitaiacha, na ya mishahara kila mfanyakazi wa hospitali hapa Bunia anaijua bila mimi kuieleza. Nitaandika juu ya ngozi, maana ndiyo niliyoitazama maisha yangu yote.

Niliingia chumba hicho nikiwa msichana aliyetoka tu shule ya uuguzi, koti langu jeupe limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Wazazi wangu walikuwa wafanyabiashara waliohamia hapa kutoka Butembo, na walikuwa wametumaini ningekaa dukani niuze vitambaa. Mkuu wa chumba alikuwa Papa Étienne, mtu wa Irumu, mrefu, wa maneno machache, vidole vyake vimebabuka kwa sabuni. Siku ya kwanza hakunipa kitu cha kushika. Mgonjwa alikuwa mama aliyeungua mguu kwa maji ya moto. Papa Étienne alivuta kigoda, akaniketisha upande wa kichwa cha yule mama.

"Muguu nitaangalia mimi," aliniambia. "Weye angalia sura yake. Ikibadirika, uniambie."

Asubuhi yote nilitazama uso wa mtu nisiyemjua. Kila midomo yake ilipokaza nilisema, "Papa," naye mikono yake ilisimama. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo, maana nilidhani nimekalishwa bure. Ilichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimepewa kazi ngumu kuliko yake.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba kompresi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, ikigandana na ngozi haivutwi. Unailowesha kwa serumu, maji yetu ya chumvi, unangoja, unailowesha tena. Nikiangalia nyuma naona sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kungoja kitambaa kilowe, na shuleni hakuna aliyeniambia hivyo. Pensi zetu, vibanio vya kushikia kompresi, zilikuwa za zamani, nyingine hazikufungana vizuri. Tulizichemsha juu ya jiko la makaa wakati umeme ulipokosekana, na umeme ulikosekana mara nyingi kiasi kwamba ukija tulishtuka.

Kisha ikaja miaka ya vita. Sitaieleza kwa urefu. Walioiona hawahitaji, na ninyi mlikuwa bado mgongoni mwa mama zenu. Wagonjwa walilala chini kwenye korido, sisi tulifua bendeji, tukazianika uani, tukazitumia tena. Papa Étienne alifanya kazi bila kuuliza mtu ametoka upande gani, na alitukataza sisi pia kuuliza. Mwenzetu mmoja aliuliza. Papa Étienne alimtoa chumbani, akamwambia akaoshe ndoo mpaka lile swali limtoke. Alipostaafu alirudi kwao kulima, na huko Irumu ndiko alikozikwa.

Vidonda vile tulivifunga. Lakini Bunia si mji mkubwa kiasi cha kumpotezea muuguzi mgonjwa wake. Nilipokwenda sokoni nilikutana na kazi yangu ikitembea: kiwiko kisichonyooka, shavu lililovutwa mpaka jicho halifungi, shingo iliyokakamaa. Mama mmoja wa samaki aliniuzia akigeuza mwili mzima, kwa sababu shingo ilikataa kugeuka. Kwetu kidonda kikishafunga mgonjwa anaambiwa amshukuru Mungu, anakwenda. Walishukuru kweli. Ila baada ya hapo hakuna aliyewauliza kitu tena, hata mimi.

Hali ilikuwa hiyo mpaka alipokuja Dokta Solange. Alikuwa kijana, amesomea magonjwa ya ngozi, na alikuwa na desturi ya kupiga magoti ili kutazama mguu wa mgonjwa badala ya kumwambia mgonjwa ainue mguu. Katika mizigo yake kulikuwa na chombo mfano wa kalamu nene, kina waya, na kwenye ncha yake sindano fupi nyembamba sana zinazoingia na kutoka kwa haraka. Alisema tutakitumia kwenye makovu.

Nilimwambia wazi kwamba sindano za namna hiyo nilikuwa nimezikuta. Katika saluni za mjini kulikuwa na vijigurudumu vyenye miiba, vinavyoletwa na wachuuzi kupitia Aru, mpakani, na mwenye saluni alivizungusha kwenye shavu la mmoja, akavipangusa, akavizungusha kwenye shavu la mwingine. Muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimempokea msichana aliyetoka huko. Alikuwa amerudi nyumbani akajipaka maji ya limau, maana rafiki yake alisema yanafunga vitundu. Alifika kwetu macho hayaonekani kwa uvimbe. Alipona, lakini kwa muda mrefu alitembea na mabaka meusi aliyokuwa hana alipoingia saluni.

"Ile yote ni kweli, Mama Kahindo," Dokta Solange aliniambia. "Sindano ni kutoboa ngozi, haiko kitu ingine. Vitundu vile vinaamusha ngozi ijijenge upya, kovu inalegea. Lakini ikishatobolewa, kila kitu kinaingia, dawa na uchafu. Mi nitafanya kazi ya kidogo. Ile inabaki ni ya weye na ya mugonjwa."

Basi nilipewa "ile inabaki." Na hapa ndipo mnaponingoja, Rachel na Dieumerci, kwa hiyo nitasema.

Sindano ni za mtu mmoja, zikishatumika zinatupwa, hata kama mgonjwa ni yule yule atakayerudi. Kovu la kuungua halichomwi likiwa changa. Dokta aliliacha likomae mwaka na zaidi. Mgonjwa akitoka mikononi mwa dokta, uso umekuwa mwekundu, una vitone vya damu, na kesho yake utavimba. Mwambieni hayo kabla, siyo baada, la sivyo atadhani mmemuharibu, atakwenda kutafuta wa kumtengeneza. Siku ile asiguse kwa mkono. Kesho yake ni maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa safi, kisha mafuta ya mgando, safu nyembamba. Sabuni yenye harufu, poda, limau, majani ya kienyeji, vyote vingoje. Vigaga vikitokea viachwe vianguke vyenyewe. Alale chali. Kitambaa anacholalia kipigwe pasi, maana mnajua nzi wetu wanavyotaga kwenye nguo zilizoanikwa nje, na mabuu ya mayai yale huingia ngozini bila kuchagua ni ya nani. Asiiname juu ya moshi wa jiko. Jua asilione kabisa mpaka wekundu uishe, na baada ya hapo ajikinge nalo miezi mingine. Krem ya kukinga jua ilitufikia kwa shida kutoka ng'ambo ya mpaka, wakati mwingine ikiwa imekaa forodhani mpaka jua lenyewe limeshaiharibu. Kofia pana na mwamvuli havipiti forodhani. Anzeni na hivyo.

Na krem za kung'arisha ngozi ni marufuku. Juu ya hilo nina kisa kizima.

Paluku nilimjua kwanza akiwa ameungua. Alikuwa akiuza esansi, yaani petroli, kwenye chupa kando ya barabara, mtaani Saio, kama wengi wanavyofanya. Alikuwa akimmiminia mtu wa pikipiki, na mwingine aliyekuwa akisubiri akawasha sigara. Moto ulimpanda kifuani, shingoni, kwenye kidevu na shavu la kushoto. Nilimfunga vidonda kila asubuhi mpaka vikafunga, akashukuru Mungu, akaenda. Aliporudi kovu lilikuwa limeshakomaa. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, amejifunga kitambaa usoni kama mtu wa barabara ya vumbi.

"Mama Kahindo, unanikumbuka?"

"Sauti naikumbuka," nilimjibu, na ilikuwa kweli.

Alifungua kitambaa. Kidevu kilikuwa kimevutwa kuelekea kifuani na kamba za nyama ngumu. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiko kidogo, kwa upande. Ngozi ya shavu ilikuwa na rangi tatu, kama nguo iliyotiwa viraka na fundi asiyejali.

Dokta Solange alimuuliza anataka nini. Wagonjwa wengi wakiulizwa hivyo husema wanataka kuwa kama zamani.

"Mi sitafuti kuwa muzuri," alisema Paluku. "Mutoto yangu iko ananiogopa."

Mtoto aliitwa Neema. Moto ulipotokea alikuwa anaanza tu kutembea. Baba yake aliporudi kutoka hospitali na uso ule, alipiga kelele mpaka akatapika. Tangu siku hiyo alilala upande wa nyanya yake, aliyekaa katika uwanja huo huo wa nyumba; huyo alikuwa mama mzazi wa Masika, na Masika ndiye mke wa Paluku. Paluku akiingia, mtoto alitolewa. Paluku akila, alikula peke yake nyuma ya pazia. Alikuwa amezoea kukohoa akifika langoni ili wapate muda wa kumwondoa.

"Papa Paluku, sitakudanganya," dokta alimwambia. "Ngozi ya zamani hairudi. Shingo italegea, kinywa kitafunguka kuliko sasa. Rangi, sijui. Na mutoto, ile siwezi kukuahidi."

"Tuanze na shingo," alisema Paluku.

Mara ya kwanza alivumilia vizuri. Tulimpaka dawa ya ganzi, dokta akafanya kazi yake, kisha akanisogezea kiti. Masika alisimama karibu, na nilizungumza na wote wawili, kwa sababu mume akiambiwa peke yake anafika nyumbani na nusu ya maneno. Nilipofika kwenye jua, Paluku alinikatiza.

"Mama, mi nauzishaka esansi kando ya barabara. Jua njo ofisi yangu."

"Njo maana nakuambia."

Walikwenda kushauriana. Walikubaliana kwamba Masika atamimina esansi, na Paluku atakaa mbali na chupa, kivulini, aite wateja. Mwamvuli pekee nyumbani ulikuwa wa Masika wa kwendea kanisani, una maua mekundu. Paluku alikaa chini yake barabarani wiki baada ya wiki, na watu wa pikipiki walimwita Madame. Alinieleza hilo bila kucheka, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa bado haujui kucheka. Lakini alifuata kila neno. Sijapata mgonjwa aliyechemsha maji kwa uaminifu kama yule.

Baada ya mara ya pili niliweka vidole chini ya kidevu chake, nikahisi ile kamba ngumu imekuwa kama mkanda wa ngozi uliolowa. Alifungua kinywa mbele yetu na kijiko cha kulia kikaingia, wima. Dokta Solange aligeuka akaenda dirishani, akajifanya anatafuta kitu. Tulipanga siku ya kurudi kutazamwa. Siku ile ikapita, hakuja.

Alikuja baadaye, asubuhi, akishikwa mkono na Masika. Shavu lote lilikuwa limechubuka, linatoa maji, na kandokando ngozi imegeuka nyeusi kama chungu. Nilijua kabla hajasema. Dada yake mkubwa, Kavira, aliuza krem sokoni. Alimletea kikopo cha krem ya kung'arisha, akamwambia itasawazisha zile rangi tatu. Paluku alijipaka ngozi ikiwa bado mbichi.

"Juu ya nini, Paluku?" nilimuuliza. "Ulikuwa unafanya vizuri."

Masika ndiye aliyejibu. "Neema alisimama ku mulango, Mama. Hakulia. Alimuangalia tu, kisha akakimbia. Ye akasema rangi ikikuwa moja, mutoto ataingia."

Dokta Solange alitazama shavu kwa muda mrefu. Alisema sindano zinasimama, na hajui kama zitaanza tena. Alisema polepole, bila ukali. Paluku aliitikia kwa kichwa. Nililowesha kompresi nikamwekea, nikaiondoa, nikaweka nyingine. Nilikuwa nimeona watu wakilia kwenye kiti kile kwa maumivu. Yeye alikaa tu kama mtu anayesubiri gari ambalo ameshaambiwa limekwenda.

Kwa kuwa nyumba yao ilikuwa Saio, na Saio ilikuwa njiani kwangu, nilisema nitapitia asubuhi kumbadilishia kompresi, asije akapita kwenye vumbi kila siku. Nilipofika mara ya kwanza nilimkuta Kavira uani. Alisimama kabla sijamsalimia.

"Mi nilitaka kumusaidia ndugu yangu," alisema. "Krem ile bamama bote banapakaka. Haiharibishaka mutu."

"Ngozi ya bamama wale naionaka huku lopitali, Kavira. Na yake ilikuwa ingali wazi, kama kidonda."

"Hakuna mutu aliniambia."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimesema na Paluku na Masika. Sikujua kama yuko dada. Kavira alijifuta macho kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga, akauliza afanye nini. Nilimwambia achemshe maji. Aliyachemsha. Kuuza krem zile hakuacha, lakini maji ya ndugu yake ni yeye aliyeyachemsha tangu asubuhi ile.

Paluku alikuwa ndani, pazia limefungwa. Nilipokuwa namhudumia nilisikia sauti ya mtoto uani, kisha sauti ya nyanya yake ikimvuta. Nilipotoka nilimwona Neema kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama nyuma ya nyanya yake, kichwa chake kimefunikwa na kikwembe cha yule mama, miguu tu ndiyo inaonekana. Yule mama alikuwa mtu mzima mwenye mgongo ulioanza kuinama, na sikuwahi kumsikia akisema sana.

"Alitoka? Papa alitoka?" mtoto aliuliza ndani ya kitambaa.

"Hapana, iko mu nyumba," nyanya yake alijibu.

Kisha akaangalia chini kwenye kitambaa alichokuwa amekishika. Masika alikuwa anafagia, naye akaacha kufagia.

"Mi njo nilianza," yule mama alisema, na nilihisi hasemi na mimi. "Siku alirudia, mutoto alilia, nikamufunika. Kesho yake nikamufunika tena. Kila siku tunafunga pazia, tunamukimbiza. Mutoto akiona bakubwa banaficha kitu, anawaza ile kitu iko mubaya."

"Mama, alikuwa anatapika," alisema Masika.

"Alikuwa kadogo. Sasa anauliza."

Hayo hayakuwa katika mafunzo yangu. Yule mama aliinua kikwembe polepole, kichwa cha Neema kikatokea, nywele zimesukwa, macho yamekaza. Kisha akaingia ndani bila kuomba ruhusa ya mtu, na tukasikia anamwambia mkwe wake, kutoka upande wa pili wa pazia, kwa heshima yote inayotakiwa kati ya mtu na mama mkwe wake, kwamba kesho dawa itawekwa nje, kwenye kivuli cha nyumba, na kwamba hakuna atakayefukuzwa.

Paluku alikataa. Alikataa siku mbili tatu. Alisema akimsikia mtoto analia tena vile, hatarudi uwanjani pale. Masika hakumbembeleza. Alitoa kiti nje tu kila asubuhi, akakiweka kivulini, akakirudisha ndani kikiwa hakijakaliwa. Asubuhi moja nilifika nikamkuta Paluku amekikalia, mgongo ameuelekeza uani, mabega yamepanda.

Neema alikaa nyuma ya pipa la maji. Hakulia. Nilibadilisha kompresi, nikaeleza kwa sauti kila ninachofanya, kama ninavyofanya nikiwa na wanafunzi. "Sasa ninaosha. Sasa ninakausha. Sasa ni mafuta, kidogo tu." Siku zilizofuata Masika aliniomba afanye yeye, nami nikasimama pembeni. Alikuwa na mkono mzuri. Alimpaka mumewe mafuta kuanzia shingoni kwenda juu, na wakati huo huo akigombeza kuku na kumjibu jirani aliyekuwa nje ya uzio. Nadhani ule ugombezi wa kuku ulisaidia kuliko mafunzo yangu yote. Uso ukawa kitu kinachoshughulikiwa asubuhi, kama sufuria, kama nywele za mtoto.

Mchubuko ulifunga. Weusi ulikaa miezi. Sikwenda tena kila asubuhi, lakini nilipopita Masika alinipa habari. Neema amekaa mbele ya pipa, siyo nyuma. Neema ameuliza kama inauma. Paluku alimjibu, "Kidogo," na mtoto akaenda zake kucheza. Nikamuuliza Paluku alijisikiaje. Alisema alibaki kwenye kiti mpaka jua likamfikia, Masika akaja kumfokea.

Dokta Solange alimtazama, akangoja, akamtazama tena, na hatimaye akasema tunaweza kuanza upya, taratibu kuliko mwanzo. Kavira alikuja siku ile akaketi kwenye benchi akasikiliza maelezo yote mwanzo hadi mwisho, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi wa shule ya msingi. Nawaomba mshike hilo, Rachel na Dieumerci: ulizeni nani mwingine yuko nyumbani, na huyo naye aje.

Mara ya mwisho niliyomhudumia ilikuwa karibu na kustaafu kwangu. Shingo yake iligeuka kushoto na kulia. Kinywa kilifunguka kiasi cha kula kama watu wengine. Rangi zilibaki tatu, na hata sasa ni tatu. Mtu akimwona kwa mara ya kwanza barabarani bado anageuza macho. Masika alikuja na Neema siku ile, kwa sababu nyanya yake alikuwa amesafiri Butembo kwenye msiba na hapakuwa na wa kumwachia. Tulimwambia mtoto angoje kwenye benchi la korido na mama yake. Dokta alimaliza, akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nilianza kupangusa.

Mlango wetu haujawahi kufunga sawasawa. Niligeuka kuchukua kompresi nyingine nikamwona Neema amesimama hapo. Alimwona baba yake na uso mwekundu wenye vitone vya damu, uso mbaya kuliko wowote aliowahi kumwona nao tangu siku ile ya kwanza, na mimi nimesimama juu yake na kitambaa chenye damu mkononi. Alipiga kelele.

Paluku alifumba macho. Nilikuwa nimemshika bega, na nilihisi mwili wote unarudi nyuma kwenye kiti, kama mtu aliyeguswa tena na moto. Aliinua mkono aufiche uso, na mimi, kwa mazoea, nikaushika mkono asije akagusa ngozi.

Kisha nikahisi napigwa pajani. Ngumi ndogo, nyingi.

"Umuache," Neema alikuwa akisema. "Umuache papa yangu. Unamuumiza. Umuache."

Masika alifika mbio akamshika kiunoni amwondoe, mtoto akang'ang'ania koti langu. Paluku alifumbua macho. Machozi yalianza kutoka, nami nikamwambia asilie, kwa sababu chumvi ya machozi inachoma vibaya juu ya ngozi iliyotoka kutobolewa. Ni ushauri sahihi na nimeutoa mara nyingi. Hakuweza kuufuata. Yalishuka kwenye lile shavu bichi na najua yalimuuma, na aliyaacha yashuke.

Nilimwambia Masika amwache mtoto. Nilipiga magoti, nikamwonyesha Neema kompresi safi, nikamwambia papa yake iko na maji kwa sura, inabidi tupanguse, la sivyo itamuuma zaidi. Aliniangalia kwa muda, bila kuniamini. Halafu akaenda kusimama kati ya magoti ya baba yake, uso umenielekea.

"Pole pole," aliniambia.

Nilipangusa pole pole. Alifuata mkono wangu kwa macho, kila ulipokwenda, na alipoona nimekaza kidogo alisema tena. Paluku alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kichwa cha mtoto, kwa wepesi, kama mtu anayeshika kitu ambacho hajapewa bado. Tuliendelea hivyo mpaka uso wote ukawa safi, na nilipotaka kuweka mafuta, Neema alinyoosha mkono achukue kopo. Nilimtuma kwanza akanawe.